Magari ya kifahari ya mtumba yanakula mtaji wa mpunga Ifakara

Kila msimu wa mavuno ya mpunga unapofunguka katika bonde la Kilombero, kuna bidhaa moja ambayo nayo huchangamka bila kutajwa katika taarifa za bei. Nayo ni magari madogo ya kifahari yaliyokwishatumika: Toyota Crown, Mark X, Mark II na Brevis kutoka Japani, na pembeni yake Mercedes-Benz na BMW ambazo zimekwishapita mikononi mwa watu wawili au watatu jijini Dar es Salaam. Bei zake zinavutia kweli. Gari ambalo lilipokuwa jipya lilimbeba mkurugenzi wa kampuni, leo mfanyabiashara wa mchele wa Ifakara analinunua kwa fedha taslimu, bila benki wala mdhamini, na chenji ya kujaza tangi inabaki.

Safu hii haina ugomvi na mtu anayependa gari zuri. Ugomvi wake ni na mahesabu. Fedha inayonunua gari hilo mwezi Julai ni fedha ambayo Desemba inatakiwa kulima, kununua mbegu na mbolea na kulipa vibarua. Mkulima anaiona kuwa ni faida kwa sababu iko mkononi, lakini sehemu kubwa yake ni mtaji wa kuzungusha ambao umepumzika kidogo.

Miaka kumi iliyopita suala hili lisingekuwapo. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9, ilikuwa ya udongo, vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Anayekwenda Ulanga au Malinyi alivuka Mto Kilombero kwa kivuko. Daraja la mto huo, lenye urefu wa mita 384, lilizinduliwa 2018, na mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la lami ya Kidatu–Ifakara, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, Uingereza na Marekani. Barabara hiyo ilizinduliwa 2024. Kabla ya hapo mwenye fedha Ifakara alinunua Land Cruiser, Noah au Canter, na asingefikiri mara mbili. Leo gari ambalo tumbo lake liko sentimita 15 hivi kutoka ardhini linaweza kutoka Dar es Salaam asubuhi, likapita Morogoro na Mikumi, zaidi ya kilomita 400, na kufika Ifakara bila kukanyaga udongo. Madalali wa Dar es Salaam walilielewa jambo hilo haraka kuliko sisi tunaoandika habari za uchumi.

Kwa nini yawe rahisi? Huko Japani gari hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka mitatu ya kwanza, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo ni ghali. Kodi ya gari ya kila mwaka hupanda kadiri injini inavyokuwa kubwa, na gari la petroli likipita miaka 13 huongezewa tena. Mjapani mwenye Crown ya lita tatu huona ni nafuu kulipeleka mnadani kuliko kuendelea nalo. Hilo ndilo linalofanya gari kubwa liwe rahisi kule, wakati gari dogo la lita moja na kitu linashikilia bei yake.

Likifika bandarini kwetu hesabu inageuka. Kwa viwango vilivyotumika miaka ya karibuni, gari dogo la abiria lenye umri zaidi ya miaka 10 na injini inayozidi sisi 2000 hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa ajili ya injini, asilimia 30 nyingine kwa ajili ya uzee, halafu VAT asilimia 18 juu ya jumla. Tuchukue gari ambalo TRA imelithamini Sh. 10,000,000/= pamoja na usafiri na bima hadi bandarini. Forodha ni Sh. 2,500,000/=. Ushuru wa bidhaa, kwa viwango vyote viwili, ni Sh. 5,000,000/=. VAT ni Sh. 3,150,000/=. Kodi peke yake imefika Sh. 10,650,000/= kabla ya tozo ndogondogo, na thamani inayotumika ni ile ya TRA, si ile iliyoandikwa kwenye risiti ya mnunuzi.

Ndiyo maana gari rahisi hasa halipatikani bandarini. Linapatikana mkononi mwa mtu ambaye amekwishalipa kodi hiyo, amelitumia miaka mitano, na sasa anataka kuachana nalo. Mnunuzi wa Ifakara kwa kawaida ndiye wa tatu au wa nne katika mlolongo: Mjapani amebeba hasara ya uchakavu wa mwanzo, mtu wa Mbezi amebeba ya kodi, na yeye amepewa gari kwa bei ambayo haifiki hata kodi iliyolipwa. Kwa mtu aliyesoma biashara huu ni ununuzi mzuri sana, ilimradi gari lingekuwa kama kabati, ambalo ukishalinunua halidai kitu.

Tusidharau mvuto wake. Wapo wanaodhani kwamba anayenunua Crown anatafuta sifa tu. Sifa zipo, na hazikuanza leo. Neno "Wabenzi" lilizaliwa Afrika Mashariki kabla wengi wetu hatujazaliwa. Lakini mzee wa miaka 60 mwenye mgongo mbovu, anayekwenda kliniki Morogoro kila mwezi, akikaa kwenye kiti cha Crown anapata kitu ambacho Noah iliyochoka haiwezi kumpa. Gari hizi zina mifuko ya hewa, breki zisizojifunga, na bodi imara kuliko vigari vya bei hiyohiyo. Katika biashara pia gari husema. Mnunuzi wa mchele anayetoka Dar es Salaam kutafuta tani 30 hukutana na watu asiowajua, na gari lililoegeshwa mbele ya mashine ya kukoboa humpa jibu la haraka, hata kama ni jibu la uongo. Msimu wa harusi gari la namna hii hukodishwa na kuingiza fedha kidogo. Haya yote yana thamani, na anayeyalipia kwa fedha ya ziada hajakosea.

Tatizo linaanza kwenye spea. Kuna kanuni ambayo kila fundi anaijua ingawa haandiki popote: bei ya gari hushuka kila mwaka, lakini bei ya spea zake haishuki nalo. Mercedes-Benz E-Class ya mwaka 2005 ilipotoka kiwandani iliuzwa zaidi ya euro 35,000. Leo inaweza kupatikana kwa bei ya bajaji mbili, lakini kompyuta yake, pampu zake na gia boksi yake bado ni vya gari la euro 35,000. Aliyeinunua kwa bei ya bajaji ndiye atakayevilipia.

Tuchukue mifano inayojulikana. E-Class za kuanzia 2002 hadi 2006 zina mfumo wa breki unaoendeshwa kwa umeme, na kifaa chake huhesabu mara ambazo breki imekanyagwa. Hesabu ikifika kikomo, taa nyekundu inawaka na kifaa kinatakiwa kubadilishwa. Kikiwa kipya kinaweza kumeza sehemu kubwa ya bei uliyonunulia gari lenyewe. S-Class ya kuanzia 1998 hadi 2005 inakalia mifuko ya upepo badala ya springi za chuma, na mifuko hiyo huzeeka kama mpira wowote: asubuhi moja unakuta gari limelala chini kama ngamia. C-Class zilizoandikwa Kompressor zenye injini ya sisi 1800 zinajulikana kwa mnyororo wa ndani ya injini unaorefuka, na usipousikia mapema unaondoka na injini. BMW nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 2000 hazina kijiti cha kupimia oili; dereva anasomewa na kompyuta. Nyingi pia hazikuja na tairi la akiba, kwa kuwa Mjerumani alizifunga matairi yanayoweza kutembea kidogo hata yakitoboka, akiamini kwamba duka la matairi liko karibu. Huko Ujerumani liko karibu. Kati ya Mang'ula na Kidatu saa tatu usiku ni habari nyingine.

Ifakara haina upungufu wa mafundi. Ina mafundi hodari wa Canter, wa pikipiki, wa pawatila, wanaofufua injini ambayo mji mkubwa umeshaikatia tamaa. Gari la Kijerumani la miaka ya 2000 linataka mashine ya kulipima, na mashine ile ikishasema kinachotakiwa, kitu hicho kiko Gerezani au Kariakoo. Hapo huanza simu: unatuma picha, unatuma fedha, kifurushi kinapakiwa kwenye basi, kinafika kesho yake, na ni cha upande wa kushoto wakati ulitaka wa kulia. Kila safari ya namna hiyo ina nauli yake na siku zake, na siku hizo gari limesimama juu ya matofali.

Toyota ni nafuu, lakini si zote, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa kwa kufuata jina. Mark II ya miaka ya 2000 hadi 2004, ile ambayo watu huiita GX110, yenye injini ya kawaida ya sisi 1988, ni gari ambalo fundi wa kawaida analimudu, na injini yake iko chini ya mstari wa sisi 2000. Dada yake aliyeandikwa D-4, pamoja na Brevis na kisha Mark X na Crown za kuanzia 2003 na 2004, injini zake hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa msukumo mkubwa. Ni injini nzuri zikiwa na petroli safi. Petroli ya kwenye madumu na chupa inayouzwa vijijini, ambayo bodaboda anaitumia bila taabu, ikiwa na maji au mchanga kidogo tu inaua pampu ya msukumo na nozeli zake. Kwa macho gari hizi mbili zinafanana. Kwa mfuko wa mwenye gari hazifanani hata kidogo, na anayenunua bila kufunua boneti na kusoma namba ya injini ananunua bahati nasibu.

Jambo ambalo wengi huliogopa, yaani petroli, kwa maoni yangu ndilo dogo kuliko yote. Tuweke lita kuwa Sh. 3,000/= ili hesabu iwe rahisi. Kwenda Morogoro na kurudi ni kama kilomita 450. Gari la lita mbili na nusu likienda kilomita 10 kwa lita linatumia Sh. 135,000/=; IST ikienda kilomita 15 inatumia Sh. 90,000/=. Tofauti ni Sh. 45,000/=, na kwa anayekwenda mara moja au mbili kwa mwezi haimfilisi mtu. Ada ya mwaka ya leseni ya gari, ambayo iliwaumiza wenye injini kubwa, ilifutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo gari lililoegeshwa halidaiwi tena. Anayekuambia usinunue Mark X kwa sababu ya mafuta anakuonya dhidi ya mbu wakati mamba yuko mtoni.

Mamba ni huyu. Mkulima wa mpunga hupata fedha mara moja kwa mwaka. Mkulima wa miwa wa Kidatu au Msolwa hulipwa kwa msimu kupitia chama chake cha ushirika. Gari la kifahari halijui msimu. Shokapu huvunjika Februari, wakati ambapo ghala liko tupu na kila senti imekwenda shambani. Mfanyakazi wa hospitali ya Mtakatifu Fransis mwenye mshahara wa kila mwezi anaweza kulitunza gari la namna hii kuliko mkulima aliyemzidi mapato kwa mwaka mzima, kwa sababu tu fedha yake huja kwa vipande vinavyolingana na matatizo ya gari. Mkulima atauza mpunga wa kula, atakopa kwa riba ya mtaani, au ataliacha gari chini ya mwembe mpaka Julai. Gari lililokaa miezi mitano chini ya mwembe huamka na ugonjwa mpya.

Sasa tupime kwa magunia. Tuseme Crown imenunuliwa Sh. 12,000,000/=, na gunia la mpunga limeuzwa Sh. 80,000/=. Hayo ni magunia 150. Kama ekari imetoa magunia 15, ni ekari kumi nzima, kabla ya kutoa gharama za kulima hizo ekari. Fedha hiyo ingenunua pawatila na tela lake na bado ikabaki ya kulimia, na pawatila hulimia wengine kwa malipo. Au ingekaa ghalani ikiwa bado ni mpunga, ikasubiri bei ya Januari. Crown haibebi gunia. Ukilazimisha mawili kwenye buti, utayaona matairi ya nyuma yakiingia ndani ya bodi.

Na bei ya gunia haina mdhamini. Mwaka 2013 Serikali iliporuhusu mchele wa nje uingie bila ushuru, bei ya mchele wa ndani iliporomoka na wakulima wa Kilombero walikuwa miongoni mwa walioumia. Aliyekuwa na mpunga ghalani wakati ule alipata hasara. Aliyekuwa na gari la kutunza, pamoja na mpunga huo, angepata hasara mbili.

Bonde lenyewe nalo lina masharti yake. Lami inaishia kwenye lami. Njia za kuingia mashambani ni udongo wa mfinyanzi unaonata, na mwenye Crown atahitaji pikipiki ya pili ya kwendea shambani kwake. Masika ya 2024 Ifakara ilipata mafuriko yaliyoingia hadi kwenye nyumba za watu. Katika magari haya, nyaya na kompyuta ndogondogo nyingi ziko chini ya viti na zulia, mahali ambapo maji hufika kwanza. Gari likishakunywa maji linaweza kuwaka na kutembea vizuri miezi miwili kabla taa hazijaanza kuwaka zenyewe. Anayelinunua mwezi wa tatu hajui chochote. Na anunue kwa kunusa: zulia likiinuliwa chini yake kusiwe na harufu ya ukungu, na chuma cha miguu ya viti kisiwe na kutu.

Dalali atasema gari lilikuwa la mama mmoja wa ofisini aliyekuwa akienda kazini na kanisani tu. Yaelekea mama huyo ana magari mengi. Herufi ya namba ya usajili, ile D au E ambayo watu huipandishia bei, inaonyesha lini gari liliandikishwa nchini. Halina neno juu ya mwaka lilipotengenezwa. Kilomita zilizo kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma kwa dakika chache. Kinachosema zaidi ni karatasi ya mnada wa Japani, kama ipo, ambayo herufi R juu yake maana yake gari liligongwa likatengenezwa. Madeni ya faini za barabarani yanafuata namba ya gari na yanaweza kuangaliwa kwenye mfumo wa polisi kabla ya kulipa. Haya ya faini yasichukuliwe kijuujuu: gari hizi ni kimya, dereva akiwa kwenye 80 anahisi yuko 50, na kati ya Mikumi na Morogoro kuna vijiji vya kutosha, tochi za kutosha, na hifadhi ambayo wanyama wake hawapishi Mercedes.

Kwa anayelitaka hata hivyo, ushauri wa safu hii ni kulinunua kwa faida iliyobaki baada ya shamba la mwaka unaofuata kulipiwa lote, na kuweka pembeni theluthi moja ya bei ya gari kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza. Kama theluthi hiyo haipo, bei halisi ya gari imemshinda. Achague Mark II ya injini ya kawaida kabla ya Mark X, na Mark X kabla ya Mjerumani yeyote.

Na asinunue Julai. Mwezi huo kila mwenye mpunga ana fedha, na muuzaji anajua. Asubiri Januari au Februari, wakati walionunua Julai wanatafuta fedha ya palizi, na gari lilelile liko chini ya mwembe likiwa na bango la "linauzwa" kwenye kioo cha mbele.